Dawa ya Kuacha Sigara: Historia Ambayo Baba Mkubwa Hakusimuliwa

Mwezi huu zamu ya kuandika historia imeniangukia mimi. Najua wengi mlitegemea niandike tena kuhusu vita au kuhusu ile safari ya kuvuka ziwa. Jamani, vita tumeviandika sana. Leo nataka kuandika historia ya kitu kidogo ambacho kinaua watu wetu polepole bila mlio wa bunduki, na historia ya watu waliotafuta dawa yake. Nitaanza nyumbani kwetu, maana ndiko nilikoanzia kuuliza.

Baba mkubwa wangu alikuwa mvuvi kule Baraka. Alianza kuvuta sigara akiwa kijana kwenye mtumbwi wa ndagala, usiku, ili asisinzie. Tulipofika hapa kambini hakuna ziwa, hakuna nyavu, hakuna kazi. Kilichobaki cha uvuvi ni sigara tu. Akiwa na pesa ananunua sigara mojamoja dukani. Akikosa, anasokota tumbaku kwenye karatasi ya daftari la mtoto.

Mwaka jana alikohoa miezi miwili. Akapimwa makohozi, akakutwa na TB. Aliyempa dawa alimwambia maneno haya: "Mzee, sigara au uhai, chagua." Basi. Hakuna kingine alichoambiwa.

Baba mkubwa alichagua uhai. Aliacha siku nne. Siku hizo nne nyumba nzima tuliteseka pamoja naye. Mikono inatetemeka, usingizi hamna, anagombana na mama mkubwa kwa sababu ya jagi la maji. Siku ya tano nilimkuta nyuma ya choo anavuta, amejificha kama mtoto wa shule. Alipaniona hakusema kitu, aliangalia chini tu. Mzee wa miaka sitini na mbili anaangalia chini mbele yangu mimi mtoto wake!

Halafu ikaja mbaya zaidi. Mimi ni mmoja wa wale mnaowaona na fulana na daftari, tunapita zoni kwa zoni kuwatafuta wagonjwa waliokatisha dozi. Wiki mbili baadaye nikapewa orodha ya waliopotea. Jina la tatu lilikuwa la baba mkubwa. Yaani alikuwa anatoka asubuhi akituaga kwamba anaenda kumeza dawa, kumbe anakaa chini ya mwembe mpaka saa nne halafu anarudi. Nilipomuuliza alisema: "Mwanangu, nitaenda vipi pale wakati nimeshindwa? Watanuka moshi, watanifukuza."

Nilikaa kimya. Sikuwa na la kujibu kwa sababu na mimi nilishawaambia wagonjwa wengi maneno yaleyale. Acha sigara, mzee. Acha sigara, kaka. Naandika kwenye daftari "ameshauriwa" halafu naenda nyumba inayofuata. Sikuwahi kujiuliza mtu anaachaje. Ndo nikaanza kusoma, kwenye simu na kwenye makaratasi niliyochapishiwa na muuguzi mmoja mwenye moyo mzuri. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tumbaku ilikuja kama dawa

Hii ilinishangaza. Tumbaku asili yake ni bara la Amerika, na wenyeji wa kule waliitumia kabla Wazungu hawajafika. Ilipopelekwa Ulaya katika karne ya 16, watu wakubwa waliipokea kama tiba. Balozi wa Ufaransa kule Lisbon, Jean Nicot, aliipeleka tumbaku kwa familia ya kifalme ya Ufaransa karibu mwaka 1560 akiisifu kuwa inaponya. Kutoka kwenye jina lake ndipo likatoka neno nikotini, kile kitu kilicho ndani ya tumbaku kinachomshika mvutaji.

Baadaye wakubwa walewale wakabadilika. Mfalme James wa Uingereza aliandika kitabu cha kuilaani tumbaku mwaka 1604, na papo hapo akapandisha sana ushuru wake. Sultani Murad IV wa dola la Osmani aliipiga marufuku mwaka 1633, na adhabu ilikuwa kifo. Watu waliuawa kweli. Na watu waliendelea kuvuta.

Naomba hapo tusimame kidogo. Kama upanga wa sultani haukuwaachisha watu tumbaku, sisi tunadhani sauti ya ukali kwenye dirisha la dawa itawaachisha?

Neno "mazoea" na neno "uraibu"

Mwaka 1828 wanasayansi wawili wa Kijerumani, Posselt na Reimann, walifanikiwa kuitoa nikotini peke yake kutoka kwenye jani la tumbaku. Kwa hiyo ilijulikana zamani kwamba ndani ya jani kuna kitu chenye nguvu. Lakini kujua kipo ni jambo moja, kuelewa kinafanya nini ndani ya mtu ni jambo lingine. Hilo lilichukua zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1950 tafiti kubwa za Uingereza na Marekani zilionyesha wazi kwamba wavutaji wanapata saratani ya mapafu kuliko wasiovuta. Kule Uingereza walikuwa Richard Doll na Austin Bradford Hill. Katika utafiti wao wagonjwa wa hospitali za London waliulizwa mmojammoja wanavuta kiasi gani. Tarehe 11 Januari 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, akatoa ripoti iliyotikisa dunia: sigara inaleta saratani ya mapafu.

Lakini ripoti hiyohiyo ilisema kuvuta sigara ni mazoea, siyo uraibu. Unaweza kuona kama ni maneno tu. Hapana. Kama ni mazoea, basi asiyeacha ni mkaidi. Anahitaji kukaripiwa. Kama ni uraibu, basi ni mgonjwa. Anahitaji kutibiwa. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1988 ndipo mganga mkuu mwingine wa Marekani, C. Everett Koop, akatoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba nikotini inaleta uraibu, kama zinavyoleta heroini na kokeini. Miaka 24 katikati! Na hata baada ya hapo, mwezi wa Aprili 1994, wakuu saba wa makampuni ya sigara walikaa mbele ya bunge la Marekani, wakaapa kusema kweli, halafu kila mmoja akasema haamini kwamba nikotini inaleta uraibu.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi kama nilivyoielewa. Ukivuta moshi, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi. Kule kuna kama milango midogo midogo inayoipokea. Ikipokelewa, ubongo unatoa kemikali ya kukufanya ujisikie umetulia. Ukiendelea kuvuta kila siku, ubongo unaongeza idadi ya milango ile. Siku ukiacha, milango yote iko wazi na hakuna kinachoingia. Hapo ndipo inakuja arosto: hasira, kutetemeka, kukosa usingizi, huzuni, njaa, akili kutotulia. Siku za kwanza ndizo kali zaidi, halafu inapungua ndani ya wiki tatu au nne.

Sasa mrudieni baba mkubwa. Siku ya tano alikuwa katikati ya moto wenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba moto ule una mwisho.

Bigijii iliyotoka kwenye nyambizi

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwezi wa Desemba 1967, kule Sweden, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Claes Lundgren, alimwandikia barua rafiki yake Ove Fernö, aliyekuwa mkuu wa utafiti kwenye kampuni ya dawa ya Leo katika mji wa Helsingborg. Lundgren na mwenzake Stefan Lichtneckert walikuwa wameona jambo kwa mabaharia wa nyambizi. Ndani ya nyambizi huwezi kuvuta sigara, lakini mabaharia wale hawakuwa wanateseka, kwa sababu walikuwa wanaweka tumbaku mdomoni. Swali lao likawa rahisi: kama nikotini ikiingia kwa njia ya mdomo inamtuliza mvutaji, kwa nini tusiitumie kumsaidia aache moshi?

Fernö mwenyewe alikuwa mvutaji aliyekuwa anahangaika kuacha. Alijua anachokitafuta. Wakajaribu njia mbalimbali, mwisho wakafika kwenye chingamu, yaani bigijii kama tunavyoiita hapa Tanzania. Shida ilikuwa kwamba nikotini ikichanganywa tu na bigijii inatoka yote kwa mara moja. Wakaifunga nikotini kwenye aina ya utomvu wa maabara unaoiachia kidogokidogo kadiri mtu anavyotafuna. Dawa hiyo ikaitwa Nicorette. Uswisi iliiruhusu mwaka 1978, Marekani mwaka 1984 kwa cheti cha daktari, na mwaka 1996 ikaanza kuuzwa kule bila cheti.

Mtu anaweza kuuliza, mbona unamtibu mlevi kwa pombe? Hata madaktari waliuliza hivyo. Jibu lilitoka kwa daktari wa akili wa London, Michael Russell, ambaye miaka ya 1970 alieleza kwamba watu wanavuta kwa ajili ya nikotini, lakini kinachowaua ni lami na sumu nyingine za moshi. Ukimpa nikotini safi kwa kipimo, umemtoa kwenye moshi. Halafu unapunguza kipimo taratibu mpaka milango ile kichwani ifungwe. Ni kama mtu anayeshuka mlima: unamshika mkono ashuke hatua kwa hatua, humsukumi aruke.

Baada ya bigijii vikaja vibandiko. Unabandika kwenye ngozi ya bega asubuhi, nikotini inaingia mwilini siku nzima. Murray Jarvik na Jed Rose wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles walikuwa kati ya watu waliofanya kazi hiyo, na Jarvik aliwahi kusimulia kwamba alipata wazo kwa kuangalia wavunaji wa tumbaku, ambao wanaugua kwa sababu nikotini ya majani mabichi inapenya ngozi. Vibandiko viliruhusiwa Marekani mwaka 1991.

Hapo kwa wavunaji na sisi tupo. Wazee wetu wa Burundi waliokimbia mwaka 1972 wakapewa ardhi Ulyankulu na Katumba, walilima tumbaku miaka mingi, na wengi walisomesha watoto kwa pesa hiyo. Siwalaumu hata kidogo. Nasema tu kwamba mkimbizi yuko pande zote za jani hili: ndiye analima, ndiye anasokota, ndiye anakohoa, na dawa ya kuliacha haijamfikia.

Mti wa maua ya njano

Wakati Sweden wanahangaika na bigijii, upande wa pili wa Ulaya kulikuwa na dawa tayari. Kuna mti mdogo wenye maua ya njano yanayoning'inia kama mvua, Waingereza wanauita laburnum. Mbegu zake zina sumu, siyo za kuchezea. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili askari waliokosa tumbaku walivuta majani yake. Ndani ya mti huo kuna kitu kinaitwa sitisini. Sitisini inaingia kwenye milango ileile ya nikotini kichwani, inaifungua nusu tu. Mtu hateseki sana na arosto, na akivuta sigara haipati ile raha.

Bulgaria ilianza kutengeneza vidonge vya sitisini kwa jina la Tabex mwaka 1964. Ndiyo, mwaka uleule wa ripoti ya Luther Terry. Vidonge vilitumika miongo mingi katika nchi za Ulaya Mashariki, kwa bei ndogo, dozi ya siku 25. Dunia nyingine haikuvijua. Ulaya ilikuwa imegawanyika kati ya Mashariki na Magharibi, na kilichojulikana upande mmoja hakikuvuka kirahisi kwenda mwingine. Sisi watu wa mipaka tunajua hiyo hali.

Ilifika mwaka 2011 ndipo utafiti uliofanyika Warsaw, Poland, ukiongozwa na Robert West, ukachapishwa kwenye jarida kubwa la Marekani. Walikuwa wavutaji 740. Nusu walipewa sitisini, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mzima, walioacha kabisa walikuwa asilimia 8.4 kwa waliopewa dawa na asilimia 2.4 kwa wale wengine. Mwaka 2014 utafiti wa New Zealand wenye watu 1,310 ukaonyesha kwamba baada ya mwezi mmoja asilimia 40 ya waliotumia sitisini walikuwa hawavuti, kulinganisha na asilimia 31 ya waliotumia bigijii na vibandiko.

Angalieni vizuri hizo namba. Hata na dawa, baada ya mwaka wengi walikuwa wamerudi kuvuta. Kuacha sigara ni kazi ngumu kwa Mpolandi mwenye nyumba na mshahara. Sasa mtu aliyepoteza watoto wawili njiani?

Dawa mbili za mwisho

Miaka ya 1990 mwanzoni, daktari Linda Ferry alikuwa anawatibu wanajeshi wastaafu kule California. Hawa ni watu wa vita, wengi wao wakiwa na sonona na usingizi mbovu. Akaanza kupima kama dawa ya sonona inayoitwa bupropioni inaweza kuwasaidia kuacha sigara, na ikawasaidia. Mwaka 1997 Marekani iliiruhusu kwa kazi hiyo, kwa jina la Zyban. Ilikuwa dawa ya kwanza ya kuacha sigara kuruhusiwa kule ambayo haina nikotini ndani yake.

Nilisoma habari hii mara mbili. Watu wa vita, usingizi mbovu, sigara. Huyo daktari alikuwa kama anawaangalia watu wa zoni yetu.

Lakini bupropioni siyo ya kila mtu. Mwenye kifafa haruhusiwi kuitumia kwa sababu inaweza kuleta degedege. Na rifampisini, ile dawa ya TB inayofanya mkojo kuwa mwekundu, inapunguza nguvu ya bupropioni mwilini. Nawaambia hili ili mtu asije akatafuta vidonge kwa rafiki mjini akamletea mzee wake. Dawa hizi zinatolewa na mtaalamu anayejua unameza nini kingine.

Ya mwisho ni vareniklini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006 kwa jina la Chantix. Watengenezaji walianzia kwenye sitisini, yaani ule mti wa maua ya njano wa Bulgaria ndiyo bibi yake. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliitaka iwe na onyo kali kwamba inaweza kuvuruga akili. Ukafanyika utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 8,000 katika nchi 16, ukatoka mwaka 2016, ukaonyesha kwamba haikuongeza sana matatizo hayo, hata kwa wenye historia ya ugonjwa wa akili. Onyo lile likaondolewa mwishoni mwa mwaka huohuo. Ukilinganisha na vidonge visivyo na dawa, vareniklini inaongeza uwezekano wa kuacha kwa zaidi ya mara mbili.

Ahadi zilizoandikwa

Mwaka 2003 nchi za dunia zilikubaliana Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na ukaanza kufanya kazi mwaka 2005. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Burundi na Kongo yetu nazo zimo. Watu wengi wanajua mambo ya matangazo na maonyo kwenye pakiti. Wachache wanajua kwamba kifungu cha 14 kinazungumzia kuwasaidia watu kuacha na kuwatibu uraibu. Yaani nchi zimekubali kwa maandishi kwamba mvutaji anastahili matibabu.

Mwaka 2009 WHO iliingiza bigijii na vibandiko vya nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu, orodha ileile yenye dawa za malaria na TB. Mwaka 2021 ikaongeza bupropioni na vareniklini. Mwezi wa Julai 2024 ikatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, ukipendekeza dawa hizo pamoja na sitisini, na pamoja na ushauri. WHO ilisema siku ile kwamba zaidi ya watu milioni 750 wanaotumia tumbaku wanataka kuacha, lakini asilimia 70 ya watumiaji hawafikiwi na huduma za kuwasaidia.

Nilikwenda mjini nikauliza duka la dawa. Muuzaji alicheka, siyo kwa ubaya, akasema: "Bigijii ya sigara? Kaka, hiyo labda uagize Dar." Bei aliyonitajia ya kubahatisha tu ilikuwa zaidi ya posho yangu ya kujitolea ya mwezi.

Sasa tufanyeje na mikono mitupu?

Hapa ndipo nilitaka kukata tamaa, mpaka nikakuta utafiti mwingine wa yuleyule Michael Russell. Ulitoka mwaka 1979. Alichukua madaktari 28 wa kawaida wa London na wagonjwa wao 2,138 wanaovuta. Kundi moja hawakuambiwa kitu. Kundi lingine daktari alizungumza nao dakika moja au mbili kuhusu kuacha, akawapa kikaratasi, akawaambia kwamba watafuatiliwa. Baada ya mwaka, walioacha na hawakurudia walikuwa asilimia 0.3 kwa kundi la kwanza na asilimia 5.1 kwa kundi la mwisho.

Hakuna kidonge hapo. Ni maneno, kikaratasi, na kujua kuna mtu atakuja kukuuliza. Watu watano kati ya mia ni wachache, kweli. Lakini hesabuni wavutaji wa kambi nzima, halafu mnieleze kama ni wachache.

Tofauti ya maneno yale na "sigara au uhai, chagua" ni ile ya kufuatiliwa. Mwongozo wa Marekani unagawa kazi hii katika hatua tano ambazo hata mimi naweza kuzifanya: muulize kama anavuta, mshauri aache, jua kama yuko tayari, msaidie kupanga, halafu mrudie. Mimi nilikuwa nafanya ya kwanza na ya pili tu, na ya pili nilikuwa naifanya vibaya.

Basi nilirudi kwa baba mkubwa chini ya mwembe. Nilimsimulia historia hii yote, kuanzia sultani mpaka nyambizi. Habari ya nyambizi aliipenda sana, mvuvi ni mvuvi. Nikamwambia: "Baba, hukushindwa wewe. Ulipewa kazi bila vifaa." Nikamweleza arosto ni nini na inachukua siku ngapi. Kwanza turudi kwenye dozi ya TB, hata kama unanuka moshi. Nilimsindikiza mwenyewe dirishani. Ni muhimu mlielewe hili, ninyi mnaotoa dawa: uvutaji unaongeza hatari ya kuugua TB mara mbili hadi mbili na nusu. Kwa hiyo wavutaji ndio hasa watakaokuja kwenye dirisha lenu. Ukiwafukuza kwa aibu, umewapoteza wale uliokuwa unawatafuta.

Halafu tukapanga siku ya kuacha, siku ya mgao, kwa sababu siku hiyo ana shughuli. Mama mkubwa akawa anamwekea maji na vipande vya muwa pembeni. Mimi nilipita kila jioni, hata dakika tano. Mara ya kwanza alifika siku kumi na moja. Zikaja habari mbaya kutoka nyumbani, akavuta. Hakujificha. Aliniambia mwenyewe, na kesho yake alikwenda kumeza dawa yake kama kawaida. Mara ya pili alifika wiki tatu. Dozi ya TB ameimaliza, makohozi ni safi. Leo ninapoandika ni siku ya 46 ya mara ya tatu. Sijui kesho. Yeye pia hajui. Lakini haangalii chini tena.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mnapopanga bajeti ya dawa ya mwakani, orodha ya WHO inayo bigijii na vibandiko tangu 2009. Anzeni hata na wagonjwa wa TB tu. Na kabla ya dawa kufika, wafundisheni watu wa dirishani zile hatua tano, maana hazina gharama.

Kwa vijana wenzangu: kama nyumbani kwenu kuna mzee au kaka anayejificha nyuma ya choo, msimcheke. Mwambieni moto una mwisho, halafu kesho jioni mrudi mumuulize amelalaje. Mimi nipo kituo cha vijana kila Jumatano saa tisa, na daftari langu. Sasa hivi badala ya "ameshauriwa" ninaandika tarehe ya kurudi.